Sura ya Tisa: Pembe Nne Katika Shamba la Mama Priscah

Je, mwanamume anayekupenda anaweza kusikia ukiitwa mchawi kwa majuma matatu mfululizo, akala, akalala, akapiga pasi suruali yake akaenda kazini, na bado akawa anakupenda? Nililibeba swali hilo kutoka Nairobi hadi Homa Bay, na niliposhuka mjini asubuhi ile ya Septemba, mwaka wa 1968, vumbi la barabara nzima likiwa usoni pangu, nilikuwa sijalipatia jibu.

Barua iliyoniita haikutoka kwake. Ilitoka kwa Benta, mke wa kaka yake, nayo iliandikwa kwa penseli juu ya karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. "Nyieka," aliniandikia, kwa maana wake wa ndugu miongoni mwa Wajaluo huitana wake wenza, na Benta alikuwa amekwisha kunihesabu kabla hata ng'ombe mmoja hajavuka Mto Migori kwenda kwa baba yangu Ukuria. Alinieleza kwamba plau ya mumewe, Cephas, ilifukua pembe nne za ng'ombe katika shamba la mama mkwe, zikiwa zimejazwa kitu cheusi. Siku ile ile fahali mmoja alianza kuchechemea. Juma lililofuata mtoto wa Benta alishikwa na surua. Watu walikumbuka kwamba mgeni wa mwisho kukanyaga shamba lile alikuwa mimi. Mstari wa mwisho ndio ulioniondoa chuoni kabla ya ruhusa yangu kutiwa sahihi: "Dishon anasikia yote na hasemi kitu."

Dishon alikuwa ananisubiri kwenye baraza ya duka la Mhindi, mkono mmoja juu ya kiti cha baiskeli yake. Macho yetu yalikutana mbali kabla miguu yetu haijakaribiana. Nilikuwa nimekusudia kufika nikiwa na hasira iliyoiva, hasira ya msomi, yenye hoja na vifungu. Lakini moyo una tabia mbaya ya kutangulia. Nilimwona alivyosimama katika kaki zake za bwana shamba, kola imekakamaa, shingo ndefu imeinama kidogo kama kawaida yake anapoona haya, nikasahau kifungu cha kwanza.

"Umekonda," alisema.

"Nawe umenyamaza," nilimjibu.

Alitazama kengele ya baiskeli kana kwamba ndiyo iliyozungumza. Kisha akauchukua mfuko wangu wa vitabu, akaufunga nyuma ya kiti kwa mpira, na tukaanza kutembea kuelekea kwao, nyuma ya kilima cha Asego, yeye upande mmoja wa baiskeli na mimi upande wa pili.

Sitamtendea haki msomaji nisipomweleza pembe zile zilikuwa nini, maana hata mimi mwaka mmoja uliotangulia ningezikimbia.

Nilikuwa nikisoma elimu ya mimea katika chuo kikuu, Nairobi. Likizo moja nilipata kibarua cha kumsaidia bibi mmoja Mswisi, mzee sana, aliyekuwa na bustani huko Limuru. Bustani yake haikuwa imewahi kuonja mbolea ya chumvichumvi, lakini kabichi zake zilikuwa nzito hata nikazibeba moja moja. Alilima kwa njia aliyoiita baiodainamiki. Alisema shamba ni kiumbe kimoja: udongo, ng'ombe, nyuki, magugu, mwezi unaopevuka na kupungua juu yake, na mkulima mwenyewe, vyote ni viungo vya mwili mmoja, na huwezi kukichapa kiungo kimoja bila kingine kulia. Alinifundisha kujaza samadi mbichi katika pembe ya ng'ombe jike aliyewahi kuzaa, kuizika wakati wa mvua, na kuifukua baada ya miezi sita. Samadi hutoka humo ikiwa nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu. Konzi moja tu hukorogwa ndani ya ndoo ya maji kwa saa nzima, kisha maji hayo hunyunyizwa juu ya ardhi jioni. Nilicheka aliponiambia. Sikucheka nilipochimba udongo wake na kukuta minyoo imejaa kama nyuzi katika kitambaa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na imani ya mtu aliyebatizwa jana. Na hapo ndipo nilipokutana na Dishon. Alikuwa amesimama sokoni Migori mbele ya wakulima, amepanda juu ya sanduku, akiwaonyesha gunia la mbolea ya chumvichumvi. Nami nikanyoosha mkono kutoka nyuma, msichana wa Kikuria mwenye viatu vya Nairobi, nikamwuliza udongo utakula nini siku gunia litakapokosekana. Watu walicheka. Yeye hakukasirika. Jumapili iliyofuata alipanda baiskeli hadi kwa baba yangu, mzee Mwikwabe, kuja kunishinda kwa hoja.

Alinikuta uani, mkono umezama hadi kiwiko katika ndoo ya maji na samadi ya pembe niliyopewa Limuru. Maji hayo hukorogwa upande mmoja hadi katikati yafanye shimo refu lifikalo chini, kisha hugeuzwa ghafla upande wa pili, yachafuke, yatulie, yafanye shimo jingine. Na mzunguko haupaswi kukatika saa nzima. Nilikuwa nimechoka. Sikutaka aone. Alikunja mkono wa shati lake taratibu, mikunjo mitatu, akachuchumaa mbele yangu na kuuliza kama mtu wa gunia anaruhusiwa. Ili maji yasisimame, ilimpasa aingize mkono wake kabla mimi sijautoa wangu. Tulizunguka pamoja mara nne, labda tano, ngozi kwa ngozi ndani ya maji meusi, na hakuna kati yetu aliyeinua uso. Nilipoutoa mkono wangu nilikwenda nyuma ya ghala nikasimama huko mpaka pumzi yangu iliponirudia. Alikoroga hadi mwisho wa saa. Hoja zake alizisahau.

Basi Dishon alijua. Alijua kilichokuwa ndani ya pembe kuliko mtu yeyote wa kwao.

Aprili tulizizika pembe nne katika shamba la mama yake, kwa sababu shamba hilo lilikuwa linakufa. Kayongo lilikuwa limelivamia, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalokunywa mtama kwenye mizizi na kuuacha umesimama mtupu. Kayongo hupenda udongo uliochoka. Nilitaka tumwombe mama ruhusa. Dishon alisema mama yake hataelewa, kwamba ni heri tuzike kwanza, aone mavuno, ndipo tumweleze. Nilikubali. Mimi, niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu bwenini kwamba mkulima lazima aseme kweli na ardhi, nilikubali kumficha mwenye ardhi. Tulichagua Jumamosi, mama akiwa kanisani, maana yeye ni Msabato wa kweli. Dishon alichimba, mimi nikapanga. Tulifukia, tukakanyaga, tukacheka kama watoto walioiba miwa.

Sasa tulitembea kando ya baiskeli, na hakuna aliyecheka. Alinieleza yaliyopangwa. Mzee Fanuel, ndugu wa marehemu baba yake, ndiye aliyesimamia ukoo tangu baba alipofariki, na mchana huo angeketi na watu wa nyumbani ili nijieleze. Mzee hakuwa na nia mbaya, Dishon alisema. Alitaka mambo yaishe kabla ya ng'ombe wa mahari kupelekwa Desemba.

"Yaishe vipi?" niliuliza.

Alisimamisha baiskeli. Tulikuwa tumefika kwenye kijito, na wanawake wawili waliokuwa wakifua walitazama, kisha wakajifanya hawatutazami.

"Jerusha, sema ilikuwa dawa ya mapenzi," alisema.

Sikumwelewa. Ilibidi arudie.

"Sema ulizika ili nisiwahi kukuacha. Watacheka. Wanawake wote wanashukiwa hivyo, hakuna anayefukuzwa kwa hilo. Mzee ataita mtu wake azichome, utasema pole, na Desemba tunafunga ndoa. Ukiwaeleza habari za mwezi na minyoo, hawataamini. Watasema unaficha jambo baya zaidi."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi?"

"Wewe uliyeshika jembe."

Alishusha sauti, ingawa maji ya kijito yalikuwa na kelele ya kutosha. Aliniambia habari za ofisi Migori. Mkubwa wake alikuwa amekwisha kusikia fununu kwamba bwana shamba anayegawa mbolea ya kisasa anazika pembe kwa mama yake. Ikijulikana ni kweli, hatacheka mtu mmoja, itacheka wilaya nzima. Angehamishwa hadi mahali ambapo barua hufika mara mbili kwa mwaka. "Nikipoteza kazi, tutaanza maisha na nini?" aliuliza, na sauti yake ilivunjika mwishoni, nikajua haigizi. Kisha akaushika mkono wangu juu ya usukani wa baiskeli. "Ni maneno tu. Mimi na wewe tutajua ukweli. Si hiyo inatosha?"

Nakiri kwamba wakati wa kuvuka kijito kile, hatua kumi na mbili juu ya mawe, nilikubali moyoni. Nilijiona Desemba. Nilimwona baba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa na pingamizi lake la kale juu ya kumwoza binti yake kwa Mjaluo, pingamizi ambalo binti haliandiki, hatimaye akiinua kibuyu na kubariki. Nilimwona Dishon akivua viatu mlangoni mwetu. Lakini nilipofika ng'ambo nilifikiri juu ya wale wanawake wawili waliokuwa wakifua. Ningeziita pembe zile dawa ya mapenzi, kufikia jioni habari ingekuwa imefika hadi soko la Rangwe, na hakuna mama ambaye angewahi tena kuthubutu kujaza samadi katika pembe, hata kama kayongo lingemmalizia shamba lote.

Nilimwambia nitafikiri. Aliubana mkono wangu kwa shukrani, akidhani nimekubali, nami sikumsahihisha.

Mama Priscah, mama yake Dishon, alinipokea jikoni mwake, si sebuleni. Alinipa kigoda na ungo wa mtama tuchague mawe. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili sikuzote, mimi na watu wa nyumba ile, kwa kuwa wao hawakujua Kikuria na Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, hakikuwa na pambo, na labda ndiyo maana kilinichoma hivyo.

Alichagua mawe kwa muda mrefu. Alisema pembe amezifungia ndani ya gunia na amekataa mganga yeyote asiingie bomani mwake, kwa kuwa yeye anamwamini Mungu na si mizizi. Shemeji yake Fanuel alikuwa amekasirika, lakini yeye amemwambia shamba lina mwenyewe.

"Ile kitu ndani nilinusa," alisema. "Si mavi tena. Inanuka kama chini ya mti mkubwa."

"Ndivyo inavyokuwa, mama."

"Mimi si mjinga. Sikusema wewe ni mchawi." Alipepeta ungo, mawe yakakusanyika ukingoni. "Lakini nakuuliza, nyathina. Kitu kizuri, watu huficha?"

Alikuwa ameniita mwanangu, na sikuweza kumtazama. Nilianza kumweleza juu ya udongo uliochoka, juu ya kayongo. Aliniacha nieleze mpaka nikajisikia mwenyewe nikisema kama mhadhiri, nikanyamaza.

"Hii shamba," alisema, "baba ya Cephas aliniachia akienda mgodini Macalder. Alirudi katika sanduku. Nimelima miaka kumi na nne. Watoto wote wamekula hapa, hata shule ya Dishon imetoka hapa. Wewe unakuja siku yangu ya Sabato, unachimba, kama vile mimi nimekufa. Ungeuliza, ningekupa hata kona moja ucheze na pembe zako. Hukuniuliza."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mtama na haukusogea. Katika mabishano yote niliyoyaandaa njiani, nilikuwa nimejiandaa kushitakiwa uchawi. Shitaka hili sikuwa nimeliandalia utetezi, kwa sababu lilikuwa la haki.

"Ulikuwa na nani?" aliuliza ghafla.

Jibu lilifika hadi nyuma ya meno yangu. Ningelitamka pale, baina ya wanawake wawili na ungo, lingekuwa limekwisha. Lakini nilitaka kumwachia Dishon nafasi. Nilitaka, Mungu anisamehe, kuona kama atainuka mwenyewe mbele ya watu wake na kusimama karibu nami, hata kama ni kwa kuaibika.

"Mama, ngoja tuketi na wengine," nilisema. "Yupo mtu ambaye ni afadhali akwambie mwenyewe."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwaga mtama ndani ya chungu, akanawa mikono, akatoka.

Tuliketi sebuleni saa nane za mchana. Viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vilivyodariziwa, na juu ya sakafu iliyosiribwa kwa samadi, samadi ile ile ambayo hakuna aliyeiogopa, lilitandazwa gunia na pembe nne juu yake. Mzee Fanuel alikaa karibu na mlango, mwembamba, kofia gotini. Cephas alikaa pembeni akiwa na mwiba wa samaki mdomoni, mtu mwenye kutaka kurudi kwa ng'ombe wake. Benta alikuwa amempakata mtoto, ambaye surua ilikuwa imemwacha na madoa na hasira. Dishon alikaa mkabala nami. Aliniitikia kwa kichwa kidogo, akinitia moyo kwa uongo tuliokubaliana upande mmoja tu.

Mzee Fanuel alianza kwa upole.

"Nyar Kuria," alisema, binti wa Ukuria, "zamani watu wenu walikuja usiku wakachukua ng'ombe zetu na pembe zao na kwato zao. Leo sisi tunashukuru. Mmeanza kurudisha pembe."

Cephas alicheka hadi mwiba ukamtoka. Benta alijificha usoni pa mtoto. Hata mimi nilicheka, na kwa nukta moja nyumba ile ilikuwa nyumbani kwangu.

"Polepole mtaleta na miguu," alimalizia mzee, akafuta macho. Kisha uso wake ukabadilika. Alieleza kwamba hadai mimi ni mtu mbaya. Alidai jambo moja tu: mtu akizika kitu kwa siri katika shamba la mwenzake, kitu hicho kina jina, na jina lake kwao ni ndagla, uchawi wa kufukia, unaofanya kazi chini huku wewe unakula na unacheka juu yake. Fahali amechechemea. Mtoto ameugua.

"Mtoto aliugua surua," Benta alisema bila kuinua kichwa. "Hata watoto wa mwalimu waliugua. Nani alizika kwa mwalimu?"

"Wewe nyamaza," alisema Cephas, lakini bila nguvu.

Mzee aliendelea. Alisema msichana anayependa hufanya mambo, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kuwekewa kitu katika uji na bado yupo hai. Kama ni hayo, niseme. Neno moja litamaliza kila kitu. Pembe zitachomwa na mtu ajuaye kuchoma, na Desemba atavaa koti lake jeusi aongoze ng'ombe mwenyewe hadi kwa mzee Mwikwabe. Alikuwa akinifungulia mlango. Niliona alivyojitahidi kuufungua kwa heshima.

Nilisimama, ingawa hakuna aliyenitaka nisimame.

Niliwaambia kwamba ndani ya pembe zile mlikuwa na samadi ya ng'ombe wa baba yangu na hakuna kingine. Niliwaeleza ilivyojazwa, ilivyozikwa, ilivyopaswa kukorogwa majini na kunyunyizwa, na kwa nini. Niliinua pembe moja, nikaigonga kiganjani, nikawaonyesha ile konzi nyeusi, na Cephas, ambaye baada ya yote ni mkulima, alisogea akaitazama kwa karibu. Sikutaja minyoo wa Limuru wala vitabu. Nilisema ardhi yao imechoka, na kwamba mimi nilifikiri naijua dawa ya uchovu huo.

"Na kosa langu ni hili," nilisema. "Nilichimba shamba la mama bila kumwomba."

Mzee alimtazama Mama Priscah, akimwachia.

"Ulikuwa peke yako?" aliniuliza.

"Sikuwa peke yangu, mama."

Nikaketi. Kuku aliingia, akazunguka gunia, akatoka. Benta alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Sikumtazama Dishon kwa kumlazimisha. Nilitazama mikono yake, ile mikono niliyoijua ndani ya maji, imeshikana katikati ya magoti. Nilimwomba kimya kimya. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa nguvu kama ile.

"Jembe nilishika mimi," alisema hatimaye.

Mama yake alifumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini sikujua alichokuwa anazika," Dishon aliendelea, akitazama sakafu. "Nilidhani ni mambo ya masomo yake. Sikuuliza."

Nadhani hakuna kilichowahi kuniuma kama yale maneno machache ya mwisho, yaliyotamkwa kwa sauti ya adabu kabisa. Kunyamaza kwake ningekusamehe. Mtu anaweza kunyamaza kwa hofu, na hofu hupita. Hili alikuwa amelipima, akakata kipande cha kweli kinachomtosha yeye, na kunibakizia mimi kilichosalia. Aliinua macho, na machoni mwake mlikuwa na mapenzi yale yale, hayakupungua hata kidogo, yakinisihi nielewe. Nilielewa. Nilielewa kwamba ningeishi naye miaka arobaini, akinipenda kila siku, na kila siku ambayo watu wangegeuka kututazama ningejikuta nimesimama peke yangu.

Ningeweza kuwaeleza juu ya ndoo uani kwa baba. Sikusema. Neno hilo lilikuwa lake, na kama hakuweza kulitoa, mimi kulitoa kwa niaba yake kusingenipa nilichokitaka.

Mama Priscah alifumbua macho.

"Wewe ni bwana shamba," alimwambia mwanawe polepole. "Mtu anazika kitu shambani, wewe umeshika jembe, na hujui ni nini?"

Dishon aliinamisha ile shingo yake ndefu.

Mzee Fanuel, kwa kutaka kumwokoa kijana, aliingilia haraka. Alisema basi jambo limekuwa jepesi, kijana amekiri sehemu yake, sasa binti naye aseme lile neno moja dogo, na tule, maana samaki anapoa. Wote walinigeukia. Hata Benta aliniashiria kwa nyusi: sema, nyieka, sema tu. Na Dishon alisogea mbele kwenye kiti, midomo yake ikifanya umbo la jina langu.

Nilisimama kwa mara ya pili.

"Mzee Fanuel, nakushukuru kwa kunitafutia njia, lakini neno hilo sitalisema, kwa kuwa si kweli. Mama Priscah, nilikukosea, nilichimba kwako kama mwizi, tena siku ya Sabato yako, na nakuomba msamaha mbele ya hawa wote. Ng'ombe wa Desemba wabaki zizini. Sitaolewa na Dishon."

"Jerusha," alisema Dishon, akainuka nusu.

Sikumtazama, maana ningemtazama nisingemaliza.

"Kesho naondoka kwenda kwa baba yangu, nimwambie mwenyewe, asisikie njiani. Mvua ndogo ikianza nitarudi hapa, mchana, kama mgeni wala si kama mke wa mtu, kumwomba mama kile kipande kilicholiwa na kayongo. Nitakilima mbele ya kila mtu anayetaka kuona. Na mama ukininyima, sitakulaumu. Nitakwenda kumwomba jirani yako."